Akiba ni Amana

Ama baada. Katika kikao kimoja cha darasa letu, baada ya kuzungumzwa ubaya wa israfu na uzuri wa mtu kupima matumizi yake, aliinuka kijana mmoja mzaliwa wa mji huu wetu, ambaye siku hizi kazi yake iko Nairobi na makazi yake ni Kawangware, naye alikuwa amekuja kuwazuru wazee wake. Akasema kwa adabu: "Maalim, niwie radhi. Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni, wala sikatai kuwa ni mazuri. Lakini kule niishiko mimi, mtu hupata asubuhi akala jioni. Huyu akiambiwa aweke, aweke kutoka wapi? Je, si sawasawa na kumfundisha kufunga mtu ambaye tayari ana njaa?"

Kikao kikanyamaza, kisha watu wakatoka kwa rai mbili. Mzee mmoja akasema kuwa ufukara wa watu wengi ni kazi ya mikono yao wenyewe: hawana fedha ya akiba, lakini wana fedha ya sigara, ya mirungi na ya kamari. Mwengine akamjibu kuwa kumhubiria maskini juu ya akiba ni dhihaka, na kwamba mwenye kustahiki kuhubiriwa ni tajiri peke yake. Maalim akasema kuwa suala kama hili halifai kujibiwa kwa haraka, akatutaka kulla mmoja wetu alifikiri. Haya tuyaandikayo ndiyo matunda ya kufikiri huko, nasi twayaweka mbele ya wasomaji wetu wayapime.

Kwanza yafaa tujue tunamsema nani. Kibera si mahali pageni kwa Waislamu. Walioufungua mtaa huo ni Wanubi, askari wa asili ya Sudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, pamoja na jamaa zao, waliowekwa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Wao ndio walioupa jina la Kibra, ambalo kwa lugha yao ni msitu, na wajukuu zao wangaliko Makina mpaka leo. Mwaka 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya ekari 288 za ardhi ile. Baada yao walimiminika watu wa kulla kabila kutafuta kazi, na hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta hapo watu 170,070. Kawangware nayo iko upande wa magharibi wa mji, jirani na Lavington, mtaa wa majumba yenye bustani na kuta ndefu. Mtu hutoka katika chumba chake cha mabati alfajiri, akaenda kwa miguu ili asitoe nauli ya matatu, na jua halijapanda sana huwa yu mlangoni pa mwenye nyumba kubwa akingojea kuitwa kufua, kufagia au kulima bustani. Akiitwa, siku hiyo ana riziki. Asipoitwa, hurudi njia ile ile aliyoijia.

Sasa na tutazame matumizi ya mtu huyu. Wengi wetu hudhani kuwa maskini hununua rahisi. Sivyo hata kidogo. Mafuta ya kupikia huyanunua ya kupimiwa, kijiko baada ya kijiko. Sukari ni ya robo. Majani ya chai ni kipakiti cha birika moja. Makaa ni ya mkebe. Unga ni wa gorogoro, nayo gorogoro ni kopo la kilo mbili ambalo ndilo pishi ya mitaa ile. Biashara hii huko huitwa ya "kadogo", na maduka mengi yaishi kwayo. Lakini kulla kitu kikikatwa vipande vidogo, kulla kipande huchukua faida ya mwenye kukikata. Anayenunua gunia zima la makaa hulipia makaa. Anayenunua kwa mkebe hulipia makaa, na kazi ya kuyapima, na kodi ya kibanda yanapouzwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa maji. Tukadirie kuwa mtungi wa lita 20 wauzwa shilingi 5, bei ambayo wakati wa uhaba huonekana ni rahisi. Lita 1,000 ni mitungi 50, yaani shilingi 250. Aliye na mfereji ndani ya nyumba yake hayapati maji kwa bei hiyo, bali kwa bei iliyo chini sana kuliko hiyo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya maendeleo ya binadamu, ya mwaka 2006, ilieleza kuwa wakaao katika mitaa ya mafukara ya miji kama Nairobi, Jakarta na Manila huyalipia maji mara 5 hadi 10 zaidi ya matajiri wa miji hiyo hiyo. Basi hali ndiyo hii: anayeoga kwa ndoo moja hulipa bei ya juu, na anayemwagilia majani bustanini hulipa bei ya chini.

Kwa hayo, hoja ya mzee wetu wa kwanza imevunjika nusu. Si kweli kuwa fukara ni fukara kwa sababu ya ubadhirifu. Wengi wao ni mahodari wa kuhesabu kuliko sisi; mwanamke wa Kawangware ajuaye ni duka gani lipunguzalo shilingi mbili katika sabuni ya kipande ana elimu ya matumizi ambayo wengi wetu hatuna.

Je, kwa kuvunjika hoja ile, imesimama hoja ya mwenzake, kwamba akiba si jambo la kuambiwa maskini? La. Nayo imesimama kwa mguu mmoja. Mwenye kusema kuwa maskini hawezi kuweka kitu amemwondolea mzigo, lakini pamoja na mzigo amemwondolea na uwezo wa kujisaidia. Amemfanya kama mtoto mdogo asiyeulizwa rai yake. Na yale yanayotendeka katika mitaa ile yamkanusha. Mwaka 2011 kulianzishwa Kenya mpango wa akiba ya uzeeni kwa mafundi na wachuuzi wa jua kali, ukaitwa Mbao. Mbao, katika lugha ya vijana wa Nairobi, ni shilingi 20, na mpango ulikuwa kwamba mtu atie shilingi hizo 20 kulla siku kwa njia ya simu yake. Shilingi 20 kwa mwezi wa siku 30 ni 600, na kwa mwaka mzima ni 7,300. Si mali ya kutajirisha. Ela kwa asiye na mshahara wala pensheni, ni tofauti baina ya kuugua mtu akiwa na cha kununulia dawa na kuugua akiwa hana.

Tena kuna jaribio ambalo twaona lina mafunzo makubwa kwetu. Wataalamu wanne walilifanya Kibera, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2016. Waliwachukua watu wa kazi za kubahatisha, wakawagawa mafungu, na kwa muda wa miezi sita wakatazama nani ataweka zaidi. Fungu moja lilipelekewa ujumbe wa simu kulla wiki kukumbushwa kuweka. Fungu jengine lilipelekewa ujumbe kama ule, lakini umeandikwa kana kwamba ni mtoto wao anayewaomba. Wengine waliahidiwa kuwa wakiweka wataongezewa asilimia 10, na wengine asilimia 20. Na kuna waliopewa kitu kidogo tu: sarafu ya rangi ya dhahabu, isiyonunua chochote, iliyoandikwa nambari 24, moja kwa kulla wiki. Kulla wiki mtu aitie alama ya mkwaruzo kwenye nambari yake: hivi ikiwa ameweka, na vyengine ikiwa hakuweka. Hayo tu.

Ni nani waliowashinda wenzao? Ni wale wa sarafu. Waliwapita hata walioahidiwa kuongezewa fedha, na waliweka kiasi cha mara mbili ya waliokumbushwa kwa ujumbe mtupu.

Na tuzingatie hapa, maana si jambo la kustaajabia tu. Sarafu ile haikuwaongezea watu wale pato hata senti moja, wala haikuwashushia bei ya maji. Ilifanya nini basi? Ilikaa ndani ya nyumba. Mume aliiona, mke aliiona, watoto waliiona. Ujumbe wa simu husomwa ukafutika, na wa mnasihi husikiwa ukasahaulika. Lakini kile kilichokaa nyumbani kilikuwa shahidi wa kulla siku kwamba nyumba hii ina jambo inalolilinda. Kilichobadilika si pato bali ni mazoea, na mazoea yakibadilika kidogo, yakidumu, huzaa kikubwa. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema pia kuwa bandu bandu huisha gogo. Methali hizi mbili ni jambo moja lililotazamwa kwa pande mbili: kidogo hujenga, na kidogo hubomoa, na ajuaye mojawapo lazima aijue na ya pili.

Jaribio jengine, ambalo habari zake zilitoka mwaka 2013, lilifanywa magharibi ya Kenya. Watu walipewa kisanduku cha bati chenye kufuli, na ufunguo wakapewa wao wenyewe, waweke humo fedha za kujikinga na maradhi. Mtu atasema: ikiwa ufunguo anao mwenyewe, kisanduku chamzuia na nini? Hata hivyo matumizi ya watu katika mambo ya afya yalizidi sana. Na miongoni mwa sababu zilizoonekana ni hii: fedha ikiwa ndani ya kisanduku, mwenyewe hupata wepesi wa kumwambia anayemwomba kuwa hana ya kutoa.

Hapa ndipo penye uzito wa suala letu, na hatupendi kulikwepa. Sisi tumelelewa katika kupeana. Jamaa akija na shida hasemezwi habari za visanduku. Je, mtu akimwambia nduguye "sina," hali fedha iko chini ya kitanda, huyu ameweka akiba au amefanya ubakhili? Na tukiwafundisha watu tabia hii, je, hatuwafundishi kuvunja udugu wao kwa ajili ya shilingi?

Tuonavyo sisi, jibu lategemea fedha ile ni ya nani. Fedha iliyo mfukoni haina jina, na isiyo na jina ni ya yeyote aliye wa kwanza kuiomba, awe ni mwenye shida ya kweli, awe ni muuza kashata, au iwe ni nafsi ya mtu mwenyewe ikitaka starehe ya saa moja. Ama iliyotengwa, imekwisha pata mwenyewe. Ile ya kisandukuni ni ya mtoto ambaye ataugua msimu wa mvua utakapofika. Ile mbao ya kulla siku ni ya mzee atakayekuwa hana nguvu za kufua wala kubeba, naye ni huyu huyu aiwekaye leo. Hawa wawili hawapo kikaoni kujisemea. Mmoja hajaugua bado, na wa pili hajazeeka. Basi aliyeshika fedha zao ameshika amana. Na ni nani asemaye kuwa mtu akikataa kutoa amana ya watu amekuwa bakhili?

Hii ndiyo tofauti ya mweka akiba na bakhili, ingawa mikono yao kwa nje hufanana. Bakhili huweka kwa ajili ya fedha yenyewe, wala hajui siku ya kuitoa. Mwenye akiba huweka kwa ajili ya haki ya mtu, na siku ya haki hiyo ikifika huitoa kwa furaha. Dini yetu imeusimamisha mwendo wa matumizi katikati, baina ya mkono uliofungwa na mkono uliofumbuliwa wote. Nao huo wa katikati hauna njia ya kushikwa ila kwa kujua kulla kitu ni cha nani. Na mtu aliyekwisha kutenga amana, kilichobaki ni chake, naye aweza kumpa jamaa yake kwa moyo mweupe bila ya kujificha.

Kwa kipimo hiki yapatikana na mpaka. Kupunguza matumizi kuna halali yake na haramu yake. Mtu akiacha kununua maandazi ya njiani akanywa chai nyumbani kwake, amepunguza katika kilicho chake. Majirani watano wakichanga wakanunua gunia la makaa na bandali ya unga, wakagawana, wamejirudishia ile faida iliyokuwa ikienda kwa mwenye kupima. Na hili ndilo tulionalo kuwa bora kuliko yote, kwa kuwa akiba yake haikutoka kinywani mwa yeyote. Vyama vya akina mama, ambao hutoa kidogo kidogo kulla wiki wakampa mmoja wao kwa zamu, vyafanana na mchezo tuujuao sisi huku pwani. Ama mtu akipunguza maziwa ya mtoto, au akimnyima jirani chumvi, au akinywa maji asiyoyachemsha ili kuhifadhi makaa, huyo hakuweka akiba. Amekopa kwa mwili wa mwengine, na deni hilo litalipwa hospitalini.

Kuna na mianya miwili ya leo ambayo hatuna budi kuitaja, maana wazee wetu hawakuijua kwa sura hii. Wa kwanza ni kamari ya mpira iliyoingia katika simu za mkononi. Zamani mcheza kamari alikuwa na njia ya kuendea na uso wa kuona haya. Leo yamchukua akiwa amelala kitandani mwake, kwa shilingi chache tu, na uchache wake ndio mtego wenyewe. Mambo yalifika hadi serikali ya Kenya, mwaka 2019, kukataa kuyapa leseni upya makampuni kadhaa ya biashara hiyo. Wa pili ni mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza, Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5. Imeitwa ada, msomaji aizidishe kwa miezi 12, ataona ni asilimia 90 kwa mwaka, kisha aipe mwenyewe jina lake. Kijana awekaye shilingi 20 kwa siku, kisha akakopa namna hii kila mwisho wa mwezi, ni kama mtu ajazaye mtungi uliotoboka.

Mpaka hapa tumemsemesha mwenye kipato kidogo. Lakini tukikoma hapa tutakuwa tumefanya kazi nusu, nayo ni ile nusu iliyo nyepesi.

Chukua mfano wa wale wanawake wafuao nguo majumbani, ambao Nairobi huitwa "mama fua". Amefua tangu asubuhi mpaka alasiri. Mwenye nyumba amwambia: "Leo sina noti ndogo, njoo Jumamosi nitakulipa." Kwa mwenye nyumba hilo ni neno jepesi, na pengine hana nia mbaya, siku tatu kwake si kitu. Je, kwa yule mama? Usiku ule hana cha kupikia. Basi ama atafungua kisanduku na kutoa fedha iliyokuwa ya dawa, ama atakopa dukani kwa bei ya mkopo, ama atabonyeza simu achukue ule mkopo tuliousema. Jumamosi atakapolipwa, sehemu ya ujira wake imekwisha kuliwa na deni. Akiba aliyoikusanya kwa kuacha kupanda matatu wiki nzima imevunjwa na mtu mmoja, kwa neno moja, bila ya mtu huyo hata kujua.

Sasa tuulize: ni nani mbadhirifu hapa? Ujira ule, tangu jasho lilipotoka, ulikuwa ni mali ya aliyefua. Aliyeuzuilia alikuwa ameshika amana ya mwenziwe. Sote twajua alivyotuusia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya ujira wa mfanyi kazi na wakati wa kuulipa. Twalisoma na twalisomesha. Lakini ni wangapi katika sisi, hapa hapa miji ya pwani, wamwambiao dobi, mpagazi na mtumishi wa nyumbani "njoo kesho"? Na mtu huyo huyo, Ijumaa, hukaa barazani akashangaa mbona watu hawa hawana akiba.

Wala tusisahau jinsi sisi tunavyowafundisha israfu kwa vitendo vyetu. Arusi ya siku nne iliyofanywa kwa mkopo, nyama ya kumwagwa, sare za nguo zinazovaliwa mara moja: mambo haya mwenye uwezo huyafanya kwa fahari, na asiye na uwezo huyafuata kwa aibu. Kulla mwenye nafasi akipunguza arusi yake kidogo, humpa jirani yake fukara ruhusa ya kupunguza yake bila ya kusemwa. Hiyo nayo ni sadaka, na haimgharimu mtu kitu.

Basi jibu letu kwa yule kijana wa Kawangware ni hili. Ndiyo, ndugu yetu, weka. Hata ikiwa ni shilingi 10, itenge saa ile uipatayo, kabla haijapata wakuiomba, uipe jina la mwenyewe, na uweke nyumbani alama ya kukushuhudia. Usiweke kwa sababu umaskini wako ni kosa lako, maana si kosa lako. Weka kwa sababu kuna mtu wa kesho asiye na mwengine wa kumwekea ila wewe. Na wala haikulazimu kuona haya ukiwa siku nyengine hukuweza. Hata sarafu ya Kibera ilikuwa na alama yake kwa wiki isiyowekwa kitu.

Ama sisi wenye kuhubiri, kabla hatujafungua vinywa kumwambia mtu aweke, kulla mmoja wetu na aangalie mfuko wake kwanza. Huenda akiba ya yule maskini iko humo, nayo ni ujira wa Jumatatu ambao hatujamlipa.

Wabillahi ttawfiiq.